Mafunzo ya kimataifa ya mpango mkakati: sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunarudi nyumbani na nini?

#1 KatibuTukuyu

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni katibu wa chama cha ushirika cha msingi cha wakulima wa parachichi wilayani Rungwe. Mwezi Juni 2025 nilihudhuria mafunzo ya kimataifa ya upangaji wa kimkakati yaliyofanyika Lusaka, Zambia, kwa siku kumi za kazi. Tulikuwa Watanzania watatu, pamoja na wenzetu wa Zambia, Malawi, Namibia, Uganda na Afrika Kusini. Niliiahidi bodi yangu kwamba nitaandika niliyojifunza, na kwa kuwa vyama na halmashauri nyingi ziko mbioni kuandika mipango mipya, nimeona niyaandike mahali ambapo wenzangu wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa watayasoma na kunikosoa.

Habari za safari hazina mengi. Nilipanda basi Mbeya hadi Tunduma, nikavuka Nakonde, kisha njia ndefu ya Mpika, Serenje na Kapiri Mposhi, ambako ndiko reli ya TAZARA inakoishia baada ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam. Saa za Zambia ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Waandaaji walilipia ada na malazi, chama kikalipa nauli.

Jambo la kwanza ambalo ningependa lizingatiwe ni barua ya mwaliko. Iliagiza kila mshiriki aje na mpango mkakati wa taasisi yake ukiwa umechapishwa kwenye karatasi, pamoja na taarifa za fedha za miaka miwili. Washiriki wengi hawakulizingatia agizo hilo na waliteseka siku zote zilizobaki, kwa sababu kila zoezi lilifanywa juu ya mpango wa mtu mwenyewe, si juu ya mfano wa kampuni ya kubuni. Mimi nilikuwa na wetu: kurasa 58, malengo 9, shughuli 63, picha ya mwenyekiti ukurasa wa pili. Uliandikwa na mtaalamu tuliyemlipa, na nilikuwa nikijivunia.

Siku ya kwanza tulipitishwa kwenye historia ya vyombo vya upangaji, na sikutarajia kwamba sehemu hiyo ingenigusa. Mkufunzi alitueleza kwamba bangokitita la mradi, lile jedwali lenye malengo, viashiria, vithibitisho na dhana, lilibuniwa mwaka 1969 kwa ajili ya shirika la misaada la Marekani, USAID, kwa sababu wakaguzi walishindwa kusema kama miradi ilifanikiwa: malengo yalikuwa ya jumla mno na hakuna aliyejulikana kuwajibika nayo. Kadi ya alama yenye mizania ya Robert Kaplan na David Norton, inayoipima taasisi kwa fedha na kwa mambo mengine kama wateja wake, ilitoka mwaka 1992 kwa sababu kampuni zilikuwa zikijipima kwa fedha peke yake. Kila chombo kilizaliwa na kero ya mtu fulani, mahali fulani. Kisha akatuuliza: ninyi mlipochukua jedwali hili mkalijaza, mlikuwa mnatibu kero gani? Sikuwa na jibu. Tulilijaza kwa sababu mfadhili alilitaka.

Mchana wa siku hiyo tulipitia uchambuzi wa nguvu, udhaifu, fursa na vitisho. Mkufunzi alitubadilishia mipango. Mimi nilipewa wa ushirika wa kahawa wa Uganda, na Mganda akapewa wetu. Baada ya dakika ishirini tulitazamana kwa fadhaa, kwa sababu orodha zetu za nguvu zilifanana karibu neno kwa neno: ardhi yenye rutuba, mvua za kutosha, wanachama wenye ari, uongozi shupavu. Tukuyu inapata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, hilo ni kweli, lakini mvua hiyo inamnyeshea mwanachama na asiye mwanachama, inamnyeshea na mnunuzi anayetuzunguka na kuingia shambani usiku na fedha taslimu. Nguvu ya chama ni kitu ambacho chama kinacho na jirani hana. Tulipoichuja orodha yetu ya nguvu 14 kwa kipimo hicho, zilibaki mbili: kituo cha kukusanyia matunda chenye kivuli na sakafu ya zege, na daftari la miti ya kila mwanachama, lenye idadi na mwaka wa kupandwa. Daftari hilo halikuwa limetajwa popote kwenye kurasa zote 58.

Siku ya pili ndiyo iliyonifanya niandike uzi huu. Tuliambiwa tufungue jedwali la utekelezaji, na pembeni mwa kila shughuli tuandike jina la mtu mmoja, mtu mwenye jina la kuzaliwa na si idara wala kamati, ambaye shughuli hiyo isipofanyika kwa tarehe iliyoandikwa atakuja ofisini kuuliza. Mkufunzi hakutaka jina la mtekelezaji, maana hilo hujazwa kwa urahisi kwa kuandika "Meneja" kila mstari. Alitaka jina la atakayeshtuka.

Nilikaa na zoezi hilo kwa saa mbili. Kati ya shughuli 63, nilipata majina kwa shughuli 11. Nilijua ni nani atakuja akikosa kreti za kuvunia. Nilijua ni mama yupi wa kule Masoko, wilayani kwetu, atanisubiri mlangoni malipo yakipita siku kumi. Lakini "kuimarisha mahusiano na wadau wa mnyororo wa thamani" haikuwa na mtu. "Kujenga uwezo wa bodi katika masuala mtambuka" haikuwa na mtu, hata wajumbe wa bodi wenyewe wasingeuliza. Kiwanda cha kukamua mafuta ya parachichi, ambacho kilikuwa na sura nzima na mchoro wa rangi, nilikiandikia jina la mwenyekiti, kisha nikalifuta, kwa kuwa miaka mitatu ilikuwa imepita na hakuwahi kukiulizia hata mara moja.

Niliumia, nasema kweli. Nilikuwa nimewahi kuusoma mpango ule kwa sauti mbele ya mkutano mkuu na watu wakapiga makofi.

Nilirudi nyumbani na karatasi hiyo moja, na hivi sasa tuko katikati ya kazi ya kuandika upya. Ningependa kusikia kutoka kwa wengine waliowahi kuhudhuria mafunzo ya namna hii: mlirudi na nini, na kilidumu kwa muda gani?

#2 MpangajiNjombe

Dada Katibu, asante kwa andiko hili. Mimi ni afisa mipango katika moja ya halmashauri za mkoa wa Njombe, na nimehudhuria mafunzo ya aina hiyo mara mbili, mara moja Arusha na mara moja nje ya bara letu. Nakubaliana na sehemu kubwa ya uliyoandika, lakini naomba nieleze mahali ambapo sisi wa serikali za mitaa tunakwama, ili wasomaji wasidhani kwamba kufuta shughuli 52 ni jambo la kalamu tu.

Chama chenu kina mkutano mkuu, nao ukiamua, umeamua. Mpango wa halmashauri unapaswa kuoana na Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Dodoma tarehe 17 Julai 2025 na ambayo utekelezaji wake ulipangwa kuanza Julai 2026, na pia na mpango wa taifa wa miaka mitano, sera za kisekta na miongozo ya bajeti ya kila mwaka. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ina mgawanyo wake tayari kisheria: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ukomo wa bajeti unakuja ukiwa umeshapangwa, na mfumo wa PlanRep, ule wa kompyuta wa kupangia bajeti, una lengo na shabaha ambazo lazima kila shilingi ifungwe nazo. Nikiondoa lengo la lishe au la kupambana na rushwa kwa sababu sikupata jina la mtu atakayekuja kuuliza, kitabu changu hakipiti ngazi ya mkoa.

Zaidi ya hayo, kuna watu ambao hawaji ofisini kuuliza na ambao mpango upo kwa ajili yao. Mtoto aliyedumaa hawezi kubisha hodi kwa mkurugenzi. Sisi Njombe tunazalisha chakula kingi na bado tuna tatizo kubwa la udumavu, jambo ambalo limesemwa hadharani kwa miaka mingi. Nikifuata kipimo cha kelele, nitajenga vibanda vya soko kila mwaka na nitamsahau huyo mtoto. Je, mkufunzi wako alisema lolote kuhusu hilo?

#3 KatibuTukuyu

Kaka Mpangaji, swali lako ni zito, na liliulizwa pia Lusaka na dada mmoja wa Namibia anayefanya kazi ya watoto. Jibu alilopewa nitalieleza jinsi nilivyolielewa.

Kukosa jina hakumaanishi kwamba shughuli ifutwe. Kunamaanisha kwamba shughuli haina mlinzi, na isiyo na mlinzi hufa kimya. Baada ya hapo kuna njia mbili tu: uiondoe, au uitafutie mlinzi kwa makusudi kabla ya kuiandika. Yule dada wa Namibia alipewa dakika kumi na tano za kutaja mtu ambaye angeweza kushtuka kwa niaba ya mtoto. Alianza na wizara, akakataliwa. Akataja mganga wa wilaya, akaulizwa huyo mganga ana shughuli ngapi nyingine. Mwishowe akamtaja muuguzi anayepima uzito kliniki, ambaye kila mwezi anaona namba kwa macho yake, na ikaonekana kwamba kwenye mpango wa taasisi yake muuguzi huyo hakuwa na njia yoyote ya kufikisha alichokiona mezani kwa wanaogawa fedha. Mpango wake ulibadilika hapo. Lengo la lishe lilibaki, ila aliongeza mstari mmoja: kila robo mwaka muuguzi anaingia kwenye kikao akiwa na daftari lake.

Kuhusu vitabu vinavyotakiwa na mamlaka za juu, naona unayosema ni kweli na sitaki kujifanya kwamba hali yetu ni moja. Hata sisi tuna wajibu wetu: makisio ya mapato na matumizi yanapitishwa na mkutano mkuu na kupelekwa kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika, na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inatubana katika mengi. Nadhani unaweza kuwa na kitabu kinachopita mkoani na bado ukawa na karatasi moja ukutani kwako inayosema ni shabaha zipi tano zitakufanya usilale mwaka huu. Ila wewe unaijua kazi yako kuliko mimi.

#4 MzeeKalenga

Kamwene nyote. Nimestaafu, naishi Iringa, na kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa kwenye miradi ya maendeleo vijijini.

Binti yangu, nimesoma kwa makini na nimeona uchungu ulionao, nao ni uchungu wa haki. Niruhusu niwaongezee kumbukumbu. Mwezi Mei 1972 hapa Iringa ndipo TANU ilipotoa tamko la Siasa ni Kilimo. Nilikuwa kijana. Lilikuwa mkakati kwa maana kamili ya neno hilo, kwa kuwa lilichagua kitu kimoja na kukiweka mbele ya vingine. Baadaye, miaka ya 1980 na 1990, tukaletewa njia ya Wajerumani ya kupanga kwa kutumia kadi za rangi na mti wa matatizo: mizizi ni sababu, matawi ni athari. Nilihudhuria warsha hizo hadi nikawa mwezeshaji. Niliziamini kadi zile, na bado naamini kwamba mama wa kijijini aliyepewa kadi na kalamu husema mambo ambayo hayasemi mkutanoni mbele ya wanaume.

Lakini nawaeleza nilichokiona. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 serikali ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, na mbolea ikapewa ruzuku. Kwa sababu hiyo mikoa ya mbali na Dar es Salaam, yaani Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa, ikawa ghala la taifa. Mkulima wa Songea au Sumbawanga alipata bei ileile ya mkulima wa Morogoro, gharama ya lori ikabebwa na wengine. Utaratibu huo uliondolewa hatua kwa hatua hadi kufikia miaka ya 1990. Nimeketi kwenye vikao vingi sana vya kuandaa mipango ya vijiji katika miaka hiyo, tukichora miti ya matatizo yenye mizizi ya "elimu duni" na "zana duni", na sikumbuki hata kadi moja iliyouliza: bei hii ikiondoka, tutafanya nini? Ilipoondoka, mkulima alibaki na shamba, mbolea ikapanda, lori likataka fedha yake, na mipango yetu ikawa haina ukurasa wa kufungua.

Kwa hiyo naona swali la mkufunzi wako ni zuri lakini ni nusu. Linauliza nani atashtuka tusipofanya tulichoandika. Nusu ya pili ni kuuliza tumeegemea nini ambacho si chetu. Nilikwenda mafunzo Ulaya mara moja, wiki sita, na hakuna aliyeniuliza hilo.

#5 BintiUsangu

Shikamoo Mzee Kalenga, na salaam kwa Dada Katibu na wengine.

Mimi ni mratibu wa skimu ya umwagiliaji ya mpunga Mbarali. Mzee, nusu yako ya pili imenigusa. Sisi tumeegemea maji ambayo kila mtu ameyaegemea. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka sehemu za Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wakati wa kiangazi tangu mwaka 1993, na huko chini kuna bwawa la Mtera na mitambo ya umeme ya Kidatu vinavyosubiri maji hayohayo. Mpango wetu unasema tutaongeza eneo la umwagiliaji. Mpango wa hifadhi unasema maji yaongezeke mtoni. Mipango yote miwili imeandikwa vizuri, lakini haiwezi kutimia yote kwa pamoja.

Nina maswali mawili mafupi kwa Dada Katibu. Kwanza, mafunzo yalikuwa kwa Kiingereza. Je, mtu ambaye Kiingereza chake ni cha kusoma zaidi kuliko kuzungumza anaweza kufaidika? Pili, nimepata mwaliko kama wako kwa mwakani. Nijiandaeje?

#6 KatibuTukuyu

Mzee Kalenga, shikamoo. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu na nimeuchapisha kwa ajili ya kikao cha bodi. Nitarudi kwenye hoja yako, maana ilikuja Lusaka siku ya tano kwa njia nyingine.

BintiUsangu, mdogo wangu, naanza na lugha. Kiingereza changu ni cha sekondari na cha barua za ofisi. Siku mbili za kwanza nilikaa kimya. Usiku wa pili nilianza kuandika upya kila dokezo kwa Kiswahili, si kwa kutafsiri neno kwa neno bali kwa kujiuliza ningemwelezaje mjumbe wetu wa bodi ambaye ni mzee wa miaka sabini na anasoma kwa shida. Hapo niligundua kwamba mengi niliyodhani sikuyaelewa kwa sababu ya lugha, hata waliozungumza vizuri hawakuyaelewa. Mfano mdogo: kwa Kiswahili cha ofisini tunaita "matokeo" vitu viwili tofauti kabisa. Kuwafundisha wakulima 200 kuvuna ni kazi iliyokamilika mikononi mwetu. Wakulima hao kuacha kuvuna matunda machanga ni badiliko lililo mikononi mwao. Mpango wetu ulihesabu la kwanza na kuliita la pili. Nilipolieleza hilo darasani kwa Kiingereza changu cha kusitasita, mkufunzi aliniomba niliandike ubaoni. Usiogope. Anayeijua kazi yake atasikilizwa.

Maandalizi yaanze nyumbani, miezi miwili au mitatu kabla. Kaa na hati ya kusafiria mapema, ukague kama kadi yako ya chanjo ya homa ya manjano ipo, na kama wewe ni mtumishi wa umma, omba kibali cha kusafiri nje kabla ya kununua tiketi. Hayo ni madogo na yanamalizika. Kubwa ni kwamba usiende peke yako kichwani. Mimi nilikosea hapo. Niliondoka bila kuiuliza bodi ni swali gani wangependa nilipeleke, na niliporudi na karatasi yangu ya majina 11 ilionekana kama nimetoka ng'ambo kuja kuwadharau. Mwenyekiti hakuzungumza nami kwa wiki nzima. Yeye ndiye aliyekipigania kiwanda, na mchoro ule alikuwa ameuonyesha kwa watoto wake. Kama ningeketi naye kabla ya safari nikamwambia, mzee, nipe jambo moja kwenye mpango huu linalokusumbua, angekuwa mwenzangu tangu mwanzo. Kwa hiyo wewe nenda na swali la watu wako, liandike juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari, na kila jioni ujipime kama umelisogeza. Kwa Mbarali, swali hilo umeshaliandika hapo juu: mipango miwili, maji mamoja.

Na uchukue taarifa za fedha. Zoezi lililotuonyesha ukweli haraka kuliko yote lilikuwa la kuweka malengo upande mmoja na matumizi halisi ya mwaka upande wa pili. Lengo letu namba moja lilikuwa ubora wa zao. Kwa mujibu wa vitabu vyetu vilivyokaguliwa, tulitumia zaidi kwenye posho za vikao kuliko kwenye ubora wa zao.

#7 Kasumulu

Nafanya biashara ya ndizi na mchele kati ya Kyela na Malawi. Sijawahi kuhudhuria mafunzo ya kimataifa, lakini naomba kuchangia hoja ya Mzee.

Mwezi Machi 2025 Malawi ilizuia baadhi ya bidhaa kuingia kwao, zikiwemo ndizi na mchele. Mwezi Aprili Tanzania nayo ikazuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini, kabla serikali hazijaketi na kulegeza. Kwenye magazeti ilikuwa habari ya siku chache. Kwangu ilikuwa gari la ndizi za Rungwe zilizokatwa tayari, na ndizi haimsubiri waziri. Kikundi chetu kina mpango wa miaka mitatu ulioandikwa kwa msaada wa shirika moja. Nimeufungua baada ya kusoma uzi huu. Sehemu ya vitisho imeandikwa "mabadiliko ya tabianchi" na "ushindani". Neno mpaka halipo, na ofisi yetu iko hatua chache kutoka kwenye geti la mpaka.

#8 KatibuTukuyu

Pole sana, Kasumulu. Ulichoandika ndicho kilichofanyiwa kazi siku ya tano.

Siku hiyo tulifundishwa kupanga kwa kutumia mazingira tarajiwa, yaani kusimulia mapema hali kadhaa tofauti ambazo zinaweza kutokea, bila kujifanya unajua ipi itatokea. Kampuni ya mafuta ya Shell ilikuwa imeanza kazi hiyo kabla ya bei ya mafuta kulipuka mwaka 1973, ikiongozwa na Pierre Wack, na mshtuko ulipokuja viongozi wake walikuwa wameshauzoea kwa fikra. Lakini simulizi iliyotukaa ni ya Mont Fleur, iliyosimuliwa na washiriki wa Afrika Kusini. Mwaka 1991 na 1992, wakati nchi yao ikitoka kwenye ubaguzi na hakuna aliyejua itaangukia wapi, watu 22 kutoka pande zilizokuwa zikipingana walikutana karibu na Stellenbosch wakatunga hadithi nne za miaka kumi ijayo, kila moja ikiwa na jina la kiumbe anayeruka au asiyeweza kuruka. Mbuni alificha kichwa mchangani, akikataa mapatano. Bata kilema alikuwa serikali ya mpito isiyomaliza kitu. Ikaro, yule wa hadithi za Kigiriki aliyeruka kwa mabawa ya nta, aliruka juu haraka kwa matumizi makubwa, kisha akaanguka. Na heroe, wale ndege wekundu wa kwenye maziwa ya magadi, huchelewa kupaa, lakini hupaa wote pamoja. Hadithi hizo ziliandikwa kwa lugha nyepesi na kusambazwa, na watu wa kawaida wakaanza kuulizana: hivi sasa sisi tuko kwenye ndege yupi?

Wenyeji wetu wa Zambia hawakuhitaji kuelezwa maana yake. Mwezi Februari 2024 rais wao alitangaza ukame kuwa janga la taifa, mahindi yalikauka, maji ya bwawa la umeme la Kariba yakapungua na umeme ukakatwa kwa saa nyingi kila siku. Mshiriki mmoja anayesimamia ghala la ubaridi alitueleza kwamba mpango wake ulikuwa na jenereta ya dharura ya saa nne. Alisema bila kulia lakini kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia.

Kwa hiyo Mzee Kalenga, ile nusu ya pili ilikuwepo, na wewe umeisema vizuri zaidi kuliko makabrasha niliyopewa. Sisi tumeiandika hivi: tumeegemea barabara ya lami hadi bandarini, ubaridi wa kontena la mtu mwingine, wanunuzi wachache, na mpaka. China ilitufungulia soko la parachichi kwa makubaliano ya Novemba 2022, na tulishangilia, ila soko lililofunguliwa kwa karatasi linaweza kufungwa kwa karatasi. Kwa kila kimoja tumeandika tutafanya nini wiki ya kwanza kikikatika. Si mpango mzima, ni wiki ya kwanza tu.

#9 MpangajiNjombe

Narudi kwa ufupi. Nimejaribu zoezi la majina na idara moja tu, tukiwa wanne, mlango umefungwa. Shabaha 17, majina 6. Sikufuta chochote. Ila kwenye lishe tumemwandika mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii wa kata mbili, na nimeomba aingie kwenye kikao kijacho cha robo mwaka. Mkuu wangu ameuliza atakaa kwenye kiti cha nani. Nimemjibu atakaa kwenye changu.

#10 KatibuTukuyu

Ndugu zangu, mkutano mkuu ulifanyika Jumamosi iliyopita, na naleta taarifa.

Mpango mpya una kurasa sita na mambo matatu. Usafiri wa matunda kutoka shambani hadi kituoni ndani ya siku ya kuvuna. Malipo ndani ya siku saba. Na kupima ukavu kabla ya kuruhusu mtu yeyote kuvuna. Hili la tatu lilijadiliwa kwa saa nzima, na naomba nilieleze kwa wasiolijua. Parachichi la aina ya Hass lililochumwa changa haliivi sawasawa. Linasinyaa, na mnunuzi wa mbali akilipata mara moja hatarudi. Kiwango cha chini kinachotambuliwa kimataifa kwa Hass ni asilimia 21 ya kitu kikavu: unakwangua nyama ya tunda, unapima gramu 100, unaikausha hadi uzito usipungue tena, kisha unapima kilichobaki. Zikibaki gramu 21 au zaidi, vuneni. Chombo kinachohitajika ni mizani ndogo na jiko la maikrowevu. Mpango wa zamani ulikuwa na shilingi milioni nyingi za kiwanda na haukuwa na mizani.

Kiwanda kiliondolewa kwa kura. Mwenyekiti alisimama mwenyewe akaomba kiondolewe, akaeleza kwamba matunda yanayokataliwa kwa mwaka hayawezi kulisha mashine ile hata miezi miwili. Nilikuwa nimempelekea hesabu hizo nyumbani kwake jioni, pamoja na barua ya Mzee Kalenga, na tulikaa hadi saa nne usiku.

Kisha ikaja sehemu ya majina. Tulibandika karatasi kubwa ukutani, mambo matatu, na tukaomba wanachama wajitokeze kuandika majina yao chini ya lile ambalo watakuja kuulizia. Kwenye malipo waliandika watu 41. Kwenye usafiri, 23. Kwenye kupima ukavu palikuwa patupu kwa muda mrefu, hadi yule mama wa Masoko akaja mbele, akaomba kalamu, akaandika jina lake kwa herufi kubwa, na akauliza mizani inafika lini. Nimemwambia tarehe 15. Amesema atakuja tarehe 16 asubuhi.